Bi Cheko na Kelele za Mlango

Kijiwe kiko kisiwani Yeongdo, upande wa magati ya meli mbovu, mbele ya duka la kamba na rangi la mzee Pyo. Mabenchi ni mawili na yanatazamana. Hakuna seremala aliyeyapanga hivyo. Yalisogezwa kidogo kidogo, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka leo magoti ya huyu yanakaribia kugonga magoti ya yule. Ukiuliza sababu, utaambiwa ni kukwepa upepo. Kahawa ni ile ya pakiti, iliyokwisha kuchanganywa na maziwa na sukari, na birika la mzee Pyo halipoi toka asubuhi mpaka adhuhuri. Wakaaji wa hapo wote wameula ujana wao kwenye magati hayo, na wote wanaongea kama watu wanaomwita mtu aliye ng'ambo ya maji. Mgeni akipita hudhani pana ugomvi. Hapana ugomvi. Hayo ndiyo mazungumzo yao ya upole.

Asubuhi hiyo ya mwezi wa nane, joto limebana kweli kweli, Pil-nam alifika wa mwisho. Pale hawamwiti Pil-nam, wanamwita Bi Cheko, kwa sababu hakuna neno utakalomwambia asilicheke. Yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba kicheko kile kilikuwa kazi. Unaitazama midomo ya mtu. Ikisimama, unacheka. Ukicheka, mtu hakuulizi tena umesikia au hukusikia.

Siku hiyo hakucheka. Alikaa, akakishika kikombe cha karatasi kwa mikono miwili, asinywe.

– Dada, mbona uso umejikunja kama mwani mkavu? aliuliza Jeom-sun.

Huyu Jeom-sun ndiye wanayemwita Spika. Enzi zao, yeye na Pil-nam walining'inia ubao mmoja ubavuni mwa meli, kila mmoja na kinyundo chake, wakigonga kutu na makome kang, kang, kang, toka jua linachomoza mpaka linazama. Watu waliokaa ubao mmoja wanajuana hata kwa mgongo. Kwa hiyo duniani hakukuwa na mtu ambaye Pil-nam aliona taabu kumdanganya kuliko huyo.

– Wamemchukua mjukuu wangu.

– Kuku? alidakia mzee Cheon. Tangu lini unafuga kuku?

– MJUKUU! Spika alimpigia ukelele. Da-on! Binti wa Tae-ung mwanawe!

– Basi semeni mjukuu. Mnanong'ona kama wezi wa mahindi.

Mzee Cheon anaitwa Kapteni. Alifanya kazi chumba cha mashine cha meli za uvuvi wa mbali, hajapata kushika usukani hata siku moja, lakini kofia ya unahodha haimtoki kichwani. Aliisukuma nyuma kidogo, akainama mbele ili auone vizuri mdomo wa Pil-nam.

– Wamemchukua kwa nini?

Pil-nam akaeleza. Wazazi wa Da-on wote wawili hufanya kazi, kwa hiyo mtoto, mwenye miaka minne, hushinda kwake. Jana mtoto aliingia bafuni, akaufunga mlango, kitasa kikakwama. Akaita. Akapiga mlango kwa beseni. Akalia mpaka sauti ikamkauka. Jirani wa chini ndiye aliyemsikia kupitia bomba la maji, akapanda kugonga mlango wa mbele, wapi. Akampigia simu mama yake mtoto kazini. Mkwe akaja mbio na ufunguo wake, akakuta nyumba haina mtu, mtoto yuko sakafuni bafuni amejikojolea.

– Na wewe ulikuwa wapi? Mzee Pyo aliuliza. Yeye ndiye Profesa, maana husoma gazeti zima mpaka matangazo ya misiba.

– Nilitoka kidogo, alisema Pil-nam. Nilikwenda sokoni, nikachelewa.

– Sokoni jana? Jana wachuuzi walikuwa na mapumziko yao. Nilikwenda mimi mwenyewe, nikarudi mikono mitupu.

Pil-nam alikizungusha kikombe viganjani. Kweli alikuwa ametoka, lakini kwenda dukani tu, kona ya pili, kununua kipande cha jibini la soya. Muda wote kabla ya hapo alikuwa jikoni kwake, hatua chache toka mlango wa bafu, akidhani mtoto amelala chumbani. Hakusikia beseni. Hakusikia jirani akigonga. Alishuka ngazi na kikapu chake kwa amani kabisa, na aliporudi alimkuta mkwe wake ukumbini amembeba mtoto, macho mekundu. "Mama, ulikuwa wapi?" Na hapo, kabla hata hajafikiri, mdomo wake ukachagua: nilitoka. Nilikuwa nje muda wote.

– Muache bwana, Spika alimwambia Profesa. Mtu kutoka nyumbani kwake anahitaji hati? Tatizo ni mlango. Milango ya siku hizi minene. Unaweza kuchinja ng'ombe ndani, nje wasijue.

– Milango ya siku hizi ni karatasi, alisema Profesa. Tatizo ni watoto wenyewe. Wanalelewa na simu. Mtoto aliyelelewa na simu sauti yake inakuwa nyembamba, haina mwili. Sisi tulilelewa kwa uji wa shayiri, tukiita mtu, ng'ombe anageuka.

– Umelisoma hilo kwenye gazeti?

– Nimelisoma katikati ya mistari.

– Mimi nawaambia ni kutu, alisema Kapteni. Hamtaki kunisikiliza. Ninyi wanawake mmegonga kutu miaka yote ile, vumbi lake limekwenda wapi? Limeingia masikioni. Chuma kikiota kutu kinafanyaje? Kinakwama. Sikio nalo lina mifupa midogo ndani kama bawaba, imekwama. Dawa yake mafuta ya ufuta, kijiko asubuhi, kijiko jioni.

– Kunywa?

– Kumimina sikioni! Mimi nimemimina miaka miwili.

– Na sasa unasikia?

– Nani kazika nini?

Spika alipiga paja lake akacheka, Profesa akacheka, na kwa mazoea kicheko kikampanda Pil-nam kooni. Akakirudisha.

– Mimi nasikia vizuri tu, Kapteni aliendelea, kwa hasira. Ni ninyi mnaomeza maneno. Na runinga nazo, wamezipunguza sauti makusudi, huko huko kiwandani, watu wauziwe spika za pembeni. Hata serikali inajua.

– Debe tupu haliachi kuvuma, alisema Profesa.

– Debe ndiyo nini hapo?

– Nakusifu, Kapteni. Maana yake wewe huchoki.

– Ahaa. Ahsante. Kapteni alimgeukia Pil-nam, akampigapiga goti kwa huruma ya kweli. Usijitese, Bi Cheko. Wahenga walisema, kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi.

Alilisema kwa nia njema, kama mtu anayekupa mwavuli. Lakini Pil-nam aliuona mlango. Aliuona toka upande wa ndani, chini, kwa kimo cha mtoto wa miaka minne. Kikombe kikainama, kahawa ikamwagikia vidole.

Spika alimtazama. Akamfuta vidole kwa upindo wa nguo yake.

Iko hivi. Mume wa Pil-nam alipanda meli ya uvuvi, meli haikurudi, na Tae-ung alikuwa bado ananyonya. Magati yalikuwa hayachagui: mjane, mkimbizi, mwenye mtoto mgongoni, mradi una mkono wa kushika kinyundo. Nje ubavuni kelele zilikuwa na pa kwenda. Kazi yenyewe ilikuwa ndani ya matangi. Unaingia kwa tundu, wanawake kumi na taa moja, na nyundo kumi zinapiga chuma kinachokuzunguka pande zote. Mlio hautoki. Unakupiga, unagonga ukuta, unarudi kukupiga tena. Jioni ukitoka, dunia iko mbali, kama umefunikwa blanketi, na kichwani unaimba mluzi mmoja usiokoma. Mwanzoni usiku ulitosha kuuondoa. Baadaye ikatakiwa Jumapili nzima. Baadaye ukahamia humo kabisa.

Kuhusu masikio hakuna aliyesema neno. Nyapara alikuwa akipaza sauti toka juu, "Kamba!", na ubao ukavutwa. Mwanamke asiyesikia "Kamba!" aliambiwa kesho usije, maana atavunjika na kuwaletea watu mkosi. Pil-nam aliona wawili wakirudishwa nyumbani hivyo hivyo, mmoja ana watoto watatu. Toka siku hiyo akajifunza kutazama mabega ya Jeom-sun. Jeom-sun akijikunja, naye anajikunja. Jeom-sun akicheka, anacheka. Hivyo ndivyo Tae-ung alivyokula, akavaa, akasoma. Kusema "sisikii" kulikuwa sawa na kusema "mwanangu asile." Na magati yalipomwacha, mdomo ulikuwa umeshasahau namna ya kulitamka neno lenyewe.

– Mkwe wako huyo, alisema Profesa ghafla, akinyoosha kidevu.

Mama Da-on alikuwa anakuja kwa mguu, begi kubwa la nguo begani, nywele zimemganda usoni kwa jasho. Hajapata kukaa kijiweni hata mara moja. Alikuwa mwanamke mpole, wa maneno machache, na leo upole wake ulikuwa umekakamaa. Aliwainamia wazee wote, kisha akatoa ufunguo mfukoni akaushika kwa mikono miwili mbele ya Pil-nam.

– Mama, nimeshachukua nguo za Da-on kwako. Nimekuletea ufunguo wako.

Pil-nam alielewa bila kusikia. Ufunguo hauhitaji masikio.

– Kaa kwanza, mwanangu! Spika alimvuta mkono. Joto hili! Profesa, kahawa!

– Nashukuru, Bibi, sina muda.

– Kahawa haina muda! Kaa!

Akakaa pembeni, nusu benchi, begi mapajani. Profesa akamimina maji ya moto kikombeni. Kapteni, ambaye kimya humwasha kama upele, akaanza:

– Mama Da-on, usimhukumu mama mkwe wako. Milango ya siku hizi…

Mkwe alimsogelea, akikunja uso, mkono nyuma ya sikio.

– Samahani, Mzee, sikukupata. Akautazama mti ulio kando ya duka, akatikisa kichwa kwa kuchoka. Hivi ninyi mnawezaje kuongea hapa na hawa nyenje wanavyolia?



Alikuwa hajasema kwa ubaya. Ni swali la kuuliza tu, kama mtu anayesema joto limezidi. Lakini Profesa alisimama na birika mkononi. Spika akageuza shingo taratibu, akautazama mti, tawi kwa tawi. Pil-nam aliyasoma maneno yale midomoni mwa mkwe wake, akadhani amekosea kusoma.

– Nyenje gani? alisema Spika.

– Hawa, Bibi. Wamejaa mti mzima. Toka kule barabarani mimi kichwa kinaniuma.

– Aa, nyenje! Kapteni alijikaza, akapunga mkono kuelekea mtini. Ndiyo, ndiyo. Wasumbufu sana. Wasikilize hao wanavyopiga kelele!

Mama Da-on alimgeukia.

– Wamenyamaza sasa hivi, Mzee.

Kapteni aliushusha mkono. Akaivua kofia yake, akaiweka gotini, akaanza kukikagua kitambaa chake kana kwamba kuna mtu amemuuzia mbovu.

– Mimi nilidhani wamekwisha, alisema Spika, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. Toka walipojenga daraja jipya. Nikasema moshi umewaua. Nikawa nawasikitikia.

– Gazeti liliandika… alianza Profesa, halafu akaacha.

Mkwe aliwatazama mmoja mmoja: Profesa na birika lake, Kapteni na kofia yake, Spika aliyekuwa bado anautazama mti. Wa mwisho alimtazama mama mkwe wake. Pil-nam alikuwa haangalii macho yake. Alikuwa anaangalia mdomo wake, kama alivyoangalia kila siku toka harusi, na kumbe mkwe miaka yote alidhani ni dharau ya mama mkwe asiyetaka kumtazama mtu machoni.

– Kiwandani kwetu, alisema polepole, tukiwasha mashine ya kusaga samaki tunavaa vizibo vya masikio. Asiyevaa anafukuzwa. Kila mwaka tunapimwa. Ninyi mlivaa nini?

– Pamba, alisema Spika. Ikipatikana.

– Na isipopatikana?

– Tuliimba.

Mkwe alishuka kwenye benchi. Akachuchumaa mbele ya Pil-nam, uso kwa uso, magoti yake yakiwa kwenye vumbi.

– Mama. Jana ulikuwa wapi?

Alikuwa ameuliza swali lile lile la jana, na jibu lile lile lilikuwa tayari, limekaa ulimini, jepesi. Nilitoka kidogo. Mzembe husamehewa. Mzembe huambiwa jirekebishe, akajirekebisha, akarudishiwa mtoto wake. Kiziwi anajirekebisha vipi?

Mkono wa Spika ukatua mgongoni mwake.

– Dada, alisema. Hapa hakuna nyapara.

Pil-nam alikishusha kikombe gotini.

– Sikutoka, mwanangu. Nilitoka mwishoni tu, kwenda dukani. Muda wote ule nilikuwa jikoni. Alivuta pumzi. Sikumsikia. Mimi sisikii. Ni miaka sasa. Sisikii.

Alingoja mkwe akasirike. Mkwe hakukasirika. Alifunika mdomo kwa mkono, na Pil-nam, asiyeweza tena kuona maneno, akaogopa.

– Toa mkono. Toa mkono nione unasema nini.

Mama Da-on akautoa.

– Aliniambia, Mama. Da-on aliniambia, "Bibi alikuwa jikoni, nilimsikia anakata vitunguu." Nikamwambia asiseme uongo. Bibi alishasema alitoka, kwa hiyo wewe ni mwongo. Akasisitiza, nikamgombeza. Usiku mzima alikuwa ananiuliza jambo moja tu: amemkosea nini bibi mpaka akakataa kumfungulia.

Pil-nam alisimama. Kikombe kilianguka, kahawa ikatapakaa miguuni mwa Kapteni, na hakuna aliyeiangalia.

– Yuko wapi?

– Nyumbani kwetu, na baba yake. Hakwenda kazini.

– Nipeleke.

– Mama, lazima nikwambie ukweli. Kukaa naye peke yako, hapana. Siwezi. Kwanza tukakupime, daktari aseme.

– Sijakuomba hilo. Mtoto wa watu ameitwa mwongo kwa ajili yangu. Nipeleke.

Wakaondoka, mkwe na begi, Pil-nam nyuma yake akipanda mlima kwa mwendo ambao kijiweni walikuwa hawajauona miaka mingi. Hakuna aliyemfuata na methali. Spika alisogea mpaka chini ya mti, akaliweka sikio lake kwenye gome, na mzee Pyo akaliweka birika chini.

Nyumbani kwa Tae-ung mlango ulifunguliwa na Tae-ung mwenyewe. Alimwona mama yake, akataka kusema neno, mke wake akamgusa mkono. Da-on alikuwa nyuma ya pazia la chumba, zinaonekana soksi tu.

Pil-nam hakumwita. Aliketi sakafuni, magoti yakilia, mpaka uso wake ukawa kimo cha mtoto, kisha akasema kwa sauti ile ile ya gatini, maana nyingine hakuwa nayo:

– Da-on, wewe si mwongo. Bibi alikuwa jikoni. Alikuwa anakata vitunguu, kama ulivyosema. Aliyedanganya ni bibi.

Soksi hazikusogea. Pazia likatoa jicho moja.

– Bibi hakukukasirikia. Masikio ya bibi yaliharibika kazini, zamani, kabla hujazaliwa. Ulikuwa unaniita, na mimi nilikuwa sisikii. Ningesikia, ningeuvunja ule mlango kwa kichwa.

Mtoto alimtazama mama yake, kama mtu anayetaka shahidi. Mama akaitikia kwa kichwa. Da-on akatoka, akatembea pembeni pembeni, akamzunguka bibi yake mpaka ubavuni. Akalifungua sikio la bibi kwa vidole viwili, akachungulia ndani kuona palipoharibika. Halafu akaweka mdomo pale pale, akapiga ukelele mmoja uliowafanya baba na mama yake waruke.

Pil-nam alihisi pumzi ya moto, na mbali sana, kitu kama mlango unaofungwa nyumba ya tatu.

– Hapana, mjukuu wangu. Siyo sikioni. Akamshika mabega, akamleta mbele. Usoni. Simama hapa, nikuone. Sasa sema.

Da-on alifikiri. Akaushika uso wa bibi yake kwa viganja viwili, ili usikimbie popote, akafungua kinywa kikubwa, akasema taratibu, silabi moja baada ya nyingine:

– Ni-na nja-a.

– Nimekusikia, alisema Pil-nam, akanyanyuka kwenda jikoni. Mtoto akamfuata, mkono umeshika sketi.